Kikombe cha Kiwandani

Nyumbani kwetu, kwenye kilima kinachotazama soko la Kebirigo, tulichuma chai lakini hatukuinywa. Sisi ni Wasabato, na baba alikuwa mzee wa kanisa, wa wale wasiofanya mzaha na neno la Mungu. Kwake chai ilikuwa jamaa ya pombe na tumbako. Kuiuza, sawa, kuinywa, hapana. Siku niliyomuuliza mbona basi tunawauzia wenzetu, aliniambia nikachote maji.

Mchumaji hasa alikuwa mama. Kabla jua halijachomoza kikapu kilikuwa mgongoni, nasi watoto tulimfuata mpaka karibu na kengele ya shule. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kuhusu chai sikuwahi kumsikia akisema lolote, isipokuwa kutukaripia tukichanganya majani yaliyokomaa na machanga. Kisha tulirudi kunywa uji wa wimbi.

Nilipofika darasa la sita tulipata mwalimu wa sayansi, kijana Mkatoliki aliyetoka upande wa Kisii mjini. Huyo hakuridhika na ubao na chaki. Alituagiza kila mtu alete konzi ya majani mabichi. Tuliyatandaza juu ya magunia yanyauke, kesho yake tukayasugua kwa viganja juu ya madawati mpaka yakatoa maji, kisha tukakaa kuyatazama yakiacha ukijani na kuwa mekundu. Darasa lilinukia hata mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Kukausha ndiko kulikotushinda. Tuliyaweka kwenye kipande cha bati juu ya makaa, yakaungua yote. Mwalimu alicheka, akasema tutakwenda kiwandani tuone wenye kazi yao.

Baba alinikubalia kwa sharti moja. "Utakwenda na wenzako, utaona, utajifunza," alisema. "Lakini kikombe kisiguse mdomo wako."

"Ndiyo, baba," niliitikia, na moyoni nilikuwa natamani jambo moja tu, kuijua ladha yake. Nilikuwa nimeichuma tangu nikiwa mdogo wa kufichwa na mti wenyewe, halafu naambiwa hainihusu. Jambo hilo lilinikera kweli.

Tulikwenda kwa miguu, tukiimba njia nzima. Kiwandani mashine zilinguruma hata mwalimu akafungua na kufunga mdomo bila sisi kusikia kitu. Mfanyakazi mmoja alitupitisha penye vitanda virefu vya kunyaushia majani. Niliyabonyeza kidogo, nikatikisa kichwa kama fundi, kwa kuwa hayo niliyajua. Tulipotoka tulipangwa kwenye nyasi, kila mmoja akapewa kipande cha mkate na kikombe cha bati chenye chai ya maziwa.

Sisi Wasabato tulitazamana. Msichana aliyekaa karibu nami alikula mkate wake, akampa jirani chai. Nilimheshimu, lakini sikumfuata. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikalamba midomo, na hata leo sijutii.

Njia ya kurudi ndiyo ilikuwa ndefu. Kila mlima niliopanda nilimwona baba na fimbo yake. Bahati nzuri nilikuta ameenda kwenye maombi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za kupika, na sijui aliona nini usoni mwangu.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

Aliweka kisu chini. Nilijikunja nikingoja kofi. Badala yake alikwenda mlangoni, akatazama huku na huku, akarudi kuketi karibu nami.

"Ikoje?"

Miaka yote ile nilidhani mama anajua kila kitu kuhusu chai, kumbe hata yeye hakuwahi kuionja. Nilimwonea huruma, tena nikajiona mtu mkubwa. Nikamweleza polepole: kwanza inachoma, halafu inakuwa kali kidogo ulimini, halafu utamu unakuja nyuma yake, na ukimaliza unataka tena. Alinisikiliza kama mzazi anayeletewa habari za binti aliyeolewa mbali.

Nilipomaliza alirudi kwenye ndizi zake. Alichukua kisu, akamenya ndizi moja, akaanza ya pili.

"Na sukari," aliuliza bila kuniangalia, "waliweka kiasi gani?"