Mkaguzi Anayebisha Hodi

Saa tatu asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anavua viatu mlangoni, anakaribishwa ndani na, kabla hata ya kufungua mkoba wake, anapitiliza hadi chumba cha nyuma kumsalimia mwenye mali.

“Hujambo, Fundi?”

Mwanamume aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anamtazama. Midomo inahangaika kidogo, kisha neno linatoka: “Sijambo… Mama Hodi.”

Jina hilo alibandikwa na makarani wa mahakama, nusu kwa utani, nusu kwa kumchoka. Kazi yake ni ukaguzi wa hesabu. Mahakama hutunza fedha za watu ambao sheria imeona hawawezi kusimamia mali zao, kama waliojeruhiwa ubongo au waliopoteza kumbukumbu. Yeye huletwa kutoka nje kuzikagua, ili anayetunza asijikague mwenyewe.

Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo mezani, akimaliza faili na kuvuta jingine. Mambo yalibadilika miaka miwili iliyopita, alipofikia faili la Fundi, mchomeleaji vyuma aliyeanguka kutoka paa la ghala na kuumia kichwa. Fidia yake ilikuwa mahakamani kwa miaka sita.

“Sijawahi kushika faili safi kama lile,” anasema. “Hakuna hata senti iliyopotea. Nikataka kulifunga, halafu nikashtuka. Mbona hakuna hata iliyotumika?”

Akapanda basi kwa nauli yake, maana hulipwa kwa faili, si kwa safari. Alimkuta Fundi kwenye godoro sakafuni, mgongo umechubuka. Dada yake, aliyemlea peke yake, alikuwa akifulia watu nguo ili wapate kula.

“Dada, kwa nini hukuomba fedha mahakamani?” alimuuliza.

“Niliomba mara moja, mama. Karani akaniambia hizo ni za mgonjwa, si za ukoo. Nikaogopa. Watu wangesema namla ndugu yangu.”

Mkaguzi alirudi nyumbani siku hiyo. Kesho yake aliandika katika ripoti yake kwamba fedha ziko salama, ila mwenyewe hayuko salama.

Msajili wa mahakama alimwita ofisini, uso umemwiva. “Mama, tumekuita ukague hesabu, siyo magodoro ya watu!”

“Hesabu ni zake, bwana. Nikimwacha yeye nje, nakagua nini?”

Jibu hilo lilimponza. Mkataba wake ulikwama miezi minane, akawa anaandika hesabu za maduka ya mtaani kwa malipo ya kuokoteza. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimtania mezani: “Mke wangu, sasa umekagua mpaka mboga zimepungua.” Walicheka, lakini kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa.

Kisha jaji mmoja akaisoma ripoti ile. Alimwita dada mtu, akamsikiliza, na kuamuru Fundi anunuliwe kitanda na kiti cha magurudumu, apate mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na dada alipwe kila mwezi kwa kumhudumia. Mkataba wa mkaguzi nao ukafufuka.

“Nilikasirika, sikatai,” anakiri msajili leo. “Nilikuwa najivunia kwamba hakuna kilichoibiwa. Sikuwahi kuuliza mtu anaishije.”

Chumbani, mkaguzi ameinama karibu na kiti. “Fundi, kuna kitu unakitaka?”

Dada anafungua kinywa kumjibia; mkaguzi anamzuia kwa mkono, taratibu.

“Ka… karakana,” anasema Fundi.

“Karakana!” dada anaruka. “Na ile mioto?”

“Ku… kukaa tu. Nione.”

Dada anageukia ukutani, anajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hakujua kwamba kaka yake bado anawaza kazi.

Mkaguzi anasema kuruhusu si kazi yake, ila ombi hilo litaingia kwenye ripoti kama lilivyotamkwa. Kati ya wenye mafaili mia tatu anayoyakagua, ameshawatembelea sitini na mmoja. Ameiomba mahakama igharamie ziara kwa wote waliobaki, na iwape nafasi ya kusikilizwa.

“Ombi langu litasikilizwa mwezi ujao,” anasema akivaa viatu vyake. “Nataka Fundi aje aseme mwenyewe mbele ya jaji. Ikichukua asubuhi nzima, basi tutamngoja.”