Kovu la Mafuta ya Nazi

Daktari alinipa sharti moja kabla sijakaa kwenye kiti. "Kinachoingia sikioni hapa kitoke vidoleni. Kisitoke mdomoni. Lindi ni ndogo."

Nilikuwa nimerudi pwani baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuhamahama. Songea, Mbeya, Dar. Kila mji nikichapa barua na mitihani ya watu kwenye maduka ya stesheneri, hadi nikachoka kuulizwa kwetu wapi. Hospitali hii ndogo ya binafsi ilitafuta mtu wa kusikiliza sauti ambazo daktari hurekodi akishamwona mgonjwa, azichape ziwe ripoti. Cheti changu cha kidato cha nne hakikumsisimua. Alinipa wiki mbili za majaribio. Nikifaulu, nimepata kazi na sababu ya kubaki. Nikishindwa, ni kupanda basi tena.

Siku za kwanza nilitoka jasho. Daktari aliongea Kiingereza cha mbio, akimeza miisho ya maneno, na feni ikivuma nyuma yake. Muuguzi wa mapokezi alinionea huruma, akaniazima daftari lake la chuo lenye majina ya magonjwa na dawa. Nilirudisha sauti nyuma mara tano, mara kumi. Ukikosea kipimo cha dawa unaweza kuua mtu, na nililikumbuka hilo kila nilipobonyeza tarakimu.

Wagonjwa hawakuwa na majina, ni namba tu. Alhamisi ya wiki ya pili nikamsikia mmoja: mwanamke, miaka sitini na miwili, mkulima, Kiranjeranje. Uvimbe kwenye titi la kushoto. Apelekwe Dar kwa vipimo zaidi, haraka. Kisha, kama jambo la kupita tu: kovu la zamani la moto, mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kifundo.

Vidole vyangu vikasimama.

Kovu lile nililisababisha mimi. Nilikuwa na miaka sita, nikakimbiza kuku hadi jikoni, nikaigonga sufuria ambayo shangazi yangu, huko huko Kiranjeranje, alikuwa akipikia mafuta ya nazi. Alinisukuma mimi kando; mafuta yakampata yeye.

Nilimaliza ripoti, nikaisoma upya, sikuona kosa. Jumamosi nikaenda Kiranjeranje.

Wallahi sikukusudia kusema neno. Lakini mikono yangu ilifunzwa tangu utotoni: pale stendi ilinunua sukari kilo mbili na machungwa, na kwetu mfuko wa namna hiyo hupelekwa kwa mgonjwa. Nilimkuta shangazi uani akipeta ufuta, mkwewe kando yake. Badala ya kuanza na shikamoo, nikasema, "Pole, shangazi."

Ungo ukasimama.

Mkwe aliutazama mfuko, akanitazama mimi. "Pole ya nini? Kwani mama anaumwa?"

"Pole ya kazi," shangazi akadakia. "Watu wa Dar hawa, wakiona ungo wanadhani mtu anatumikia kifungo. Na wewe, miaka yote hiyo huko ulikokuwa hakuna shikamoo?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, kamletee mgeni maji anawe."

Mkwe alipoingia ndani, sauti ya shangazi ikashuka. "Nani kakwambia? Hata mwanangu wa kumzaa sijamwambia."

Nikautua mfuko chini.

"Kule walinipa namba. Wakasema jina langu halitatajwa. Kama habari imefika kwako wewe, mtu usiye na kituo, basi sokoni imeshapita. Sirudi kule. Na hiyo Dar yao siendi."

Nilijua kwamba nikizidi kunyamaza nitabaki na kazi, na yeye atabaki na uvimbe wake. Kutoka ndani nikasikia kata ikigonga mtungi.

"Ni mimi ninayechapa," nikasema. "Haijafika kwa mwingine. Hukutajwa jina. Nilikujua kwa mkono."

Aliugeuza mkono wake, akaliangalia kovu kwa muda mrefu. "Basi kamwambie daktari wako hivyo hivyo, na mimi nasikia. Hapo ndipo nitaamini ni wewe peke yako."

Jumatatu asubuhi nilimwacha shangazi kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, nikaingia, mlango nikauacha wazi. Nilisema yote, pamoja na machungwa. Daktari hakupaza sauti.

"Sijawahi kuchapiwa ripoti safi kama zako," akasema. "Na lile kovu ningeweza kuliacha, halikuhusiana na uvimbe. Hilo kosa ni langu." Akanyoosha mkono. "Lakini sharti lilikuwa moja."

Nilimpa hedifoni nilizokuwa nikisikilizia sauti zake. Akaziweka kwenye droo, akaisukuma polepole mpaka ikafunga.

Nilipotoka, muuguzi alikuwa akiita namba ya shangazi. Shangazi hakuinuka mara moja.

"Nimesikia," akaniambia. "Kwa hiyo huna kazi."

"Sina."

"Basi hakuna cha kukuzuia kunipeleka Dar. Njia si unaijua?"

Akanishikisha mkoba wake, akajifunga vizuri mtandio, akaingia kwa daktari.