Ramani ya Mwizi wa Sufuria

Naona aibu hata kuwasimulia, lakini mtayasikia tu kwa watu wa kanisani, na wale wataongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Nilikuwa nasomea mambo ya uhalifu hapa Sydney (na kupanga maboksi ghalani Wetherill Park, ila hilo sikulitangaza), na tukafundishwa kwamba mhalifu anayerudia-rudia hupenda kuwinda karibu na kwake, kwa hiyo ukiweka alama kwenye ramani kila alipofanya uhalifu, kompyuta inakisia anakoishi. Sasa kina mama wa kanisa letu walikuwa wanalalamika sufuria zao zinapotea kila baada ya msiba au harusi, na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema huyo mwizi niachieni. Ukweli ni kwamba nilitaka kumfurahisha Mama Neema, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, maana nampenda binti yake na wazee wangu walikuwa wanajiandaa kwenda kuposa.

Nikaweka alama nyumba ya kila aliyepotelewa, Smithfield, Cabramatta, kote (zilipotelea wapi hasa, sikuuliza, msomi mzima!), na Jumapili baada ya ibada nikawasha projekta, tai shingoni, bila hata kuangalia jibu mapema, nikitaka tushangae pamoja. Rangi nyekundu ikatulia juu ya paa moja.

"Mwizi wenu anakaa hapa!" nikasema.

Neema akafunika uso. "Brian, that's Mum's house."

Mama yake akasimama polepole. "Mimi ndiyo voleur, mwizi? Mtu akifiwa, wote munakuja kwangu, maana niko katikati yenu, kila mama na sufuria yake, tunapika. Mukienda, kila mtu anabeba chakula kwa sufuria ya mwenzake, harudishe. Sasa voleur ni mimi?"

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mchungaji akakohoa. Mjomba wangu, ambaye ndiye angepeleka posa, akanivuta shati: "Zima hiyo kitu, boss. Umetumaliza."

Nimeapa sitamsaka tena mtu kwa kompyuta kabla ya kuuliza watu swali hata moja. Maana siku hiyohiyo tulikula kwake, na wakati wa kuondoka akamfungia kila mtu chakula kama kawaida yake, kila mmoja na sufuria. Mimi akanipa sahani ya karatasi.

"Hii," akaniambia kwa upole, "hauna haja ya kurudisha."