Wilf Hataki Kuuachia Mpira

Wilf Tranter alikuwa dereva wa teksi London mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipomfanya mzimamoto. Teksi yake ikafungiwa pampu nyuma, naye akaendelea na barabara zilezile, sasa bila abiria wa kumpa bakshishi. Miezi minane ya mabomu ilimchosha hadi mifupani. Mabomu yalipopungua, serikali, ambayo haipendi kumwona mtu ameketi, ikaleta watu wa filamu. Walitaka wazimamoto wa kweli wajiigize wenyewe, kwenye ghala lililokwisha kuungua, liunguzwe tena kidogo.

Asubuhi hiyo Wilf alikuwa juu ya paa, ameshika mpira wa maji. Stan, mwenzake, alitakiwa ateleze ukingoni. Wilf autupe mpira, akimbie, amdake mkono.

"Uachie, Bwana Tranter!" mwongozaji alipiga kelele kwa mara ya sita.

Hakuuachia. Mpira uliojaa maji ukiachiwa huchapa huku na huku, na chuma cha mdomoni kinaweza kupasua vichwa. Kila mzimamoto anafundishwa hilo siku ya kwanza.

"Kwani umeuoa?" Stan alifoka. "Nimeanguka mara sita, makalio yanawaka moto, hujaniokoa hata mara moja!"

Wote wakacheka, isipokuwa Ivy Gedge, mpishi wa chai wa kituo cha zimamoto, aliyekuwa chini na birika lake. Mumewe Alf alianguka kutoka paa kama hilo, Wilf akiwa kando yake. Wilf ndiye aliyempelekea habari: alikufa papo hapo, shemeji, hata hakujua. Tangu siku hiyo Wilf aliubeba uongo huo.

Alishuka ngazi, akamwendea. Moto haukuwahi kumchosha hivyo.

"Shemeji, Alf alining'inia. Aliniita. Sikuuachia mpira. Ngazini kulikuwa na watu wanne."

Ivy akatua birika. "Aliita mara ngapi?"

"Mbili."

"Na mwaka mzima unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Ngazini alikuwa nani?"

"Stan, na wengine watatu."

Ivy alimtazama Stan, ambaye alikuwa akijisugua makalio na kuwachekesha watu wa kamera. Akajaza vikombe, cha Stan kwanza. Cha Wilf akakijaza pia, lakini hakumpa mkononi, alikiweka mezani.

"Kanywe kulekule juu," alisema. "Leo siwezi kukutazama."