Pikapu Iliyochemka Mlima wa Ikonge

Ijumaa, tarehe kumi na moja Julai. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu saa nne, halafu jua dogo lisiloweza kukausha hata soksi.

Ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa siku ile. Yanayofuata nayaandika sasa, kwa sababu siku ile niliandika mistari mitatu tu, na miwili kati yake ilikuwa ya kujitetea.

Pikapu yetu ina umri mkubwa kumshinda mtoto wetu wa kwanza, ambaye naye sasa ana watoto. Staata haiwaki mpaka igongwe na kipande cha mti. Kalachi ni ngumu, inataka mguu uliozoea jembe. Oili inavuja, hata kuku wameacha kulala chini yake. Hayo tuliyavumilia. Lakini mwezi wa sita ilianza kuchemsha. Nikishuka Kisii na ndizi zangu haikuwa na neno. Nikirudi na magunia ya unga ya wenye maduka, nikianza tu kupanda kuelekea Ikonge, mshale wa joto ulipanda na mimi, mvuke ukatoka kwenye boneti, nikasimama kando ya njia na dumu la maji. Wapita njia walinipa pole, na ndani ya pole kulikuwa na kicheko.

Mume wangu alivumilia wiki tano. Halafu akasema, "Mama watoto, hili gari limezeeka. Jumapili asubuhi mtu wa vyuma vikuukuu anakuja kulivuta."

Sikubishana naye. Haki yake, kwa maana kila lilipochemka ni yeye niliyempigia simu alete maji. Lakini bila pikapu, ndizi zangu zingerudi mikononi mwa madalali wanaokuja shambani na bei yao tayari. Nilishaishi hivyo miaka mingi, sikutaka kurudi huko.

Fundi mmoja wa mjini alisema gasketi imeungua na injini yote ifunguliwe. Labda alikuwa sawa, mimi ni nani. Aliyeijua injini ile vizuri ni fundi wetu wa Ikonge, na kwake nilikuwa naona aibu kwenda. Mwaka jana alitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, kwa sababu kilikuwa kimekwama. Basi pikapu ilipoanza kuchemsha, niliwaambia akina mama sokoni kwamba fundi amenitolea kitu muhimu na ameniulia gari. Nilisema mara moja, labda tatu. Nikiwa mkweli, zaidi.

Ijumaa ile, saa kumi jioni, nilikwenda kwenye gereji yake chini ya mlima nikiwa bado na magunia nyuma. Nilimkuta anaosha spana kwenye karai, kwa maana yeye ni Msabato kama sisi, na Ijumaa jua likizama hagusi kazi.

"Habari ya jioni, fundi."

"Nzuri, mama. Nasikia mimi ni muuaji wa magari."

Nilifungua boneti. Nikasema tu, "Nimekuja uangalie."

"Leo? Sifungui injini leo, hata ya askofu. Njoo Jumapili."

"Jumapili asubuhi inabebwa na mtu wa vyuma."

Aliangalia jua juu ya kilima cha chai, akaangalia pikapu. "Basi nitaangalia tu. Macho hayahitaji spana."

Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole, ulikuwa umekaza. Akashika mpira wa maji, akanusa oili. Kisha akachuchumaa mbele kabisa, akawasha tochi ya simu, akaingiza vidole viwili kwenye wavu. Akatoa kipande cha kitu chenye maji, rangi ya matope.

"Mama, hii ni mboga gani?"

Niliijua pale pale. Ilikuwa katoni ya sabuni. Mwezi wa tano, baridi ilipozidi, injini ilikuwa haipati joto asubuhi, inakohoa mpaka nifike mbali. Madereva wa lori za majani chai hufunga gunia mbele ya rejeta inayopoza maji ya injini, injini ikishapata joto wanalitoa. Mimi nilisukuma katoni nyuma ya wavu nikasahau. Mvua iliilowesha ikajibandika kwenye rejeta kama chapati kwenye kikaango. Wiki zote zile nilimimina maji juu, sikuinama hata siku moja kuangalia mbele.

"Niliiweka mimi," nikasema.

"Na themostati niliitoa mimi," akasema. "Ilikwama, badala ya kukwambia ununue nyingine nikaitupa. Sisi mafundi tumezoea. Ndiyo maana injini ilisikia baridi, ukaivalisha sweta."

Kweli, niliona mlango wa kutokea. Ningeweza kumwachia nusu ya kosa nikaenda zangu. Lakini kosa lake lingenipa injini baridi tu. Mvuke ulikuwa wangu.

Alifungua skrubu nne za wavu akinung'unika kwamba Sabato bado haijaingia. Akabandua katoni yote, akamwaga maji kwenye rejeta kutoka upande wa nyuma mpaka yakatoka safi. Kisha akaketi kando yangu tukapanda ule mlima na magunia yetu. Mshale ulifika katikati. Mimi nilikuwa nauangalia zaidi kuliko njia, akanionya mara mbili. Ulibaki katikati mpaka juu.

"Jumatatu nitakuwekea themostati mpya," akasema. "Mpaka hapo usiivalishe kitu."

Tuliporudi chini kumshusha fundi, sokoni akina mama walikuwa wanafunika nyanya. Nilisimamisha gari, nikasema kwa sauti kabla sijabadilisha nia, "Lile nililosema juu ya fundi halikuwa kweli. Ni mimi niliziba rejeta kwa katoni, nikaivalisha pikapu sweta."

"Mwenzetu! Ulilivalisha gari sweta?"

"Na soksi ukaisahau!"

Walicheka mpaka nami nikacheka. Lakini muuza vitunguu hakucheka. Alisema polepole, "Mimi nilimkataza ndugu yangu asimletee fundi lori lake."

Kicheko kikaniisha. Sikuwa nimejua kwamba maneno yangu yalifika mbali hivyo. "Dada, mpigie sasa," nikamwomba, "nikiwa hapa." Alipiga, akanipa simu, nikarudia yote kwa mtu nisiyemjua. Akajibu kwamba ataleta lori Jumatatu. Fundi alijifanya anaangalia tairi.

Nilifika nyumbani jua likigusa kilima. Mume wangu alikuwa mlangoni na dumu la maji tayari. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Haiungui," akasema.

Nikamweleza, na sehemu yangu sikuificha. Alichukua simu akamwambia mtu wa vyuma asije. "Lakini ikichemka tena," akaniambia, "utabeba maji mwenyewe." Nilikubali, ni haki.

Chakula kilikuwa kimeshapikwa kabla ya Sabato kuingia. Tulikula obokima, ugali wetu wa wimbi, na chinsaga, mboga chungu ya mgagani iliyolala kwenye maziwa tangu jana yake, uchungu wake umeisha.