Injini Kavu ya Bwana Haverkamp

Mimi watu wenye magari ya kutazamwa wananitia kinyaa, na sina haja ya kuficha. Gari linaletwa kwenye maonyesho limebebwa juu ya tela, linashushwa kwa kusukumwa, halafu linatandikiwa vioo chini ili majaji waone tumbo lake. Ebo! Gari lililoundwa kukimbia!

Baba yangu, Orville Pruitt, alitoka Kentucky kijana mbichi akaja hapa Flint, mji wa viwanda vya magari, akatia pistoni kwenye injini za silinda nane mpaka kiwanda kikafungwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki gari lenye injini hizo. Aliendesha pikapu ya kutu. Lakini moja likipita barabarani likinguruma, alikuwa ananyanyua kidole: "Nyamaza, Loretta. Hilo letu." Basi siku hiyo hata Mama hakununiwa.

Sasa masikio yake yanakufa. La kulia limeshakwenda, na daktari kasema la kushoto, hata kwa kifaa cha kusikilizia, halifiki Krismasi. Baba hakulalamika. Alisema anataka kuisikia injini moja ya kwao kwa karibu, basi.

Nikampeleka maonyesho ya Agosti. Tukalikuta gari jekundu, la mwaka sitini na tisa, boneti wazi. Mwenyewe ni Craig Haverkamp, dalali wa nyumba, kavaa viatu vyeupe na ameshika kitambaa cha kufutia alama za vidole vya watu.

"Kijana," Baba akasema, "injini hii tumeiunda sisi. Hebu iwashe kidogo."

Haverkamp akacheka. "Niiwashe? Mzee, acha utani! Joto litaharibu rangi ya mabomba ya moshi. Halafu haina hata oili, nimeimwaga yote isije ikadondokea vioo vyangu."

"Haina oili?" Baba akanigeukia mimi, kana kwamba kaambiwa kuna mtoto halishwi.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! "Wewe kaka una roho ya korosho," nikamwambia. "Mzee huyu anakuwa kiziwi. Gari lote hili, na huna cha kumsikilizisha?"

Watu wakaanza kugeuka. Haverkamp akaiva uso, kisha akatabasamu. "Basi dada, punguza jazba. Atasikia."

Akaingia ndani, akabonyeza kitu. Ngurumo ikatoka, nzito, safi, watu wakapiga makofi. Mimi nikaviona vipaza sauti viwili chini ya kiti. Kumbe sauti ya kurekodi! Nilitaka kumuumbua pale pale, lakini Baba alikuwa amefumba macho na machozi yanamshuka.

Kisha akanyoosha mkono, akauweka kiganja juu ya madigadi, kama walivyokuwa wakiipima injini kiwandani kabla haijatoka. Akakaa hivyo. Ngurumo ikapanda, ikashuka. Baba akafumbua macho.

"Vipi mzee, umefurahi?" Haverkamp akauliza, na kitambaa chake tayari kinafuta pale palipokuwa na mkono.

"Haitetemeki," Baba akasema.

Hakutukana. Laiti angetukana! Aliondoka polepole, nami nikamfuata na matusi yangu yote mdomoni. Tulipoingia kwenye pikapu, akachomoa kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto, akakifungia ndani ya dashibodi. Mpaka leo hajakivaa tena.