Mwani wa Bi Mwanaisha

Hebu kaa nikusimulie, ndugu yangu, maana hadi leo nikipita pale kwa Bi Mwanaisha uso unanishuka.

Ni jirani yangu hapa Ushongo, ninakofundisha tangu mwezi uliopita. Asubuhi moja nikienda shuleni nilimkuta akianua mwani wake uliokaribia kukauka, na mnunuzi alikuwa anakuja jioni.

"Shikamoo, bibi. Mbona waanua?"

"Marahaba, mwanangu. Wingu lile hulioni?"

Nikatoa simu. Kwa upole kabisa nikamweleza kwamba siku hizi kuna mitambo angani inayoyasoma mawingu kuliko macho yetu, na imesema jua tupu mpaka magharibi. Nikamsaidia hata kuutandaza upya.

"Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Saa tano mvua ikamwagika. Nilitoka darasani mbio, nikakuta mwani wote umelowa na umeanza kupauka, na mwani ulionyeshewa hakuna anayeutaka. Nikatazama simu: jua bado linawaka!

Bi Mwanaisha akaninyang'anya, akaisogeza machoni.

"Mwalimu, mbona hapa pameandikwa Usagara?"

Usagara, Tanga mjini, nilikohama!

"Basi mwani wangu ungeupeleka ukauanike hukohuko," akasema, wala hakucheka.

Nawe, rafiki yangu, kabla hujamwambia mtu aanike, soma kwanza jina la mahali lililoandikwa juu ya utabiri.